Si Kila Shavu Lililovimba ni Jino

Mtoto akivimba shavu, neno la kwanza linalotamkwa nyumbani ni jino. Ndivyo ilivyo Masasi, ndivyo ilivyo Newala, na ndivyo ilivyo pwani yote. Aghalabu neno hilo huwa sahihi: jino bovu huoza mpaka mzizini, usaha hutafuta njia, shavu huvimba, mtoto hulia usiku kucha, tabibu hung'oa, na baada ya juma mambo hutulia. Kwa kuwa huwa sahihi mara nyingi, neno hilo limepata nguvu ya hukumu, wala hakuna anayeuliza zaidi. Makala haya yanahusu zile mara chache ambazo si sahihi, pale kilichovimba kinapokuwa si fizi wala shavu bali mfupa wa taya wenyewe, na kila juma la kungojea jino lipone huwa ni juma lililopotea.

Ugonjwa tunaoukusudia madaktari huuita limfoma ya Burkitt. Ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuukinga mwili, lakini katika watoto wa nchi zetu ina tabia ya ajabu ya kupiga kambi katika mifupa ya taya. Huwashika zaidi watoto wa umri wa kati ya miaka 4 na 9 hivi, na wavulana kuliko wasichana. Ni ugonjwa wa nadra. Tabibu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi asikutane nao hata mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo, maana jicho hupita juu ya lisichokizoea. La kutisha zaidi ni mwendo wake: uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazojulikana kwa binadamu, na chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja au mbili. Hata hivyo kasi hiyohiyo ndiyo udhaifu wake. Dawa za saratani hushambulia chembe zinazogawanyika, na uvimbe unaogawanyika mchana na usiku huyeyuka upesi mno mbele ya dawa. Kwa hiyo mtoto anayeweza kufariki katika muda wa miezi michache ndiye huyohuyo anayeweza kupona kabisa, iwapo ugonjwa umetambuliwa mapema.

Mama au bibi anayemsugua mtoto meno asubuhi ana nafasi ya kuona kabla ya daktari yeyote. Dalili ya kwanza mara nyingi si uvimbe, bali ni meno kulegea. Watoto wetu huanza kung'oka meno ya utoto wakiwa na miaka 6 hivi, na hutangulia meno ya mbele. Magego ya utoto hung'oka baadaye sana, kwenye miaka 9 hadi 12. Mtoto wa miaka 4 au 5 ambaye magego yake yanacheza, hali hayajaoza, si mtoto anayebadilisha meno. Kisha fizi huinuka, meno husukumwa yakakaa upande, shavu hujaa, na wakati mwingine jicho la upande huo husukumwa mbele. Ajabu ni kwamba mtoto huenda asilie sana. Jino lililooza huuma kwa ukali, ilhali uvimbe huu mwanzoni waweza kukua bila maumivu makubwa, na utulivu huo huwapumbaza wazazi. Ugonjwa pia hupenda tumbo, kwa hiyo tumbo linalojaa sambamba na taya ni dalili nzito sana. Mtoto akianza kushindwa kusimama au miguu ikalegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwani uvimbe huenda umeugusa uti wa mgongo.

Wenyeji wa Masasi na Newala wana sababu ya kulisikiliza suala hili la kutambua maradhi kwa makini, kwa kuwa nchi yao imewahi kuufundisha ulimwengu somo hilo. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa kali ilienea juu ya uwanda wa Makonde na vijiji vinavyouzunguka. Watu walipatwa na homa ya ghafla na maumivu ya viungo yaliyowafanya watembee wamepinda, wengine wasiweze kuinuka. Ingekuwa rahisi kuiita homa hiyo dengi, kwa maana dengi ilikuwa ikijulikana na dalili zake zinafanana nayo, au kuiita malaria na kugawa dawa. Daktari Marion Robinson, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi, alizichunguza dalili moja baada ya moja, akaona jinsi maumivu ya viungo yalivyozidi yale yaliyozoeleka, na akaandika habari za ugonjwa huo mwaka 1955. Pamoja naye aliandika W. H. R. Lumsden, aliyeeleza namna maradhi yalivyoenea na jinsi mbu walivyozaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani, jambo lisiloepukika katika nchi ya juu ambayo maji yake huchotwa mbali. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, na huko kirusi kipya kikapatikana. Jina lililokubaliwa na wanasayansi lilitoka kwa wagonjwa wenyewe: chikungunya, neno la Kimakonde la kile kinachopinda na kukunja. Leo neno hilo linatumika India, Brazili na Ufaransa, na pengine wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilitoka Newala.

Taya halikupata bahati hiyo. Ugonjwa wake uliitwa kwa majina mengi mabaya kabla ya kupata lililo zuri, na kisa chenyewe kilianzia Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell akamtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pembe zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa, kwa sababu uvimbe wa jino hauruki kutoka pembe moja hadi nyingine, na saratani ya kawaida ya mfupa haizuki mahali pane kwa pamoja. Hakuwa na jibu. Muda mfupi baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uso wa namna ileile. Safari hii alimpima mwili mzima, akakuta na tumbo lake lina vimbe. Mmoja ungekuwa muujiza. Wawili walimfanya arudi Mulago kupekua majalada ya zamani. Humo alikuta watoto wengine wengi, kila mmoja akiwa ameandikiwa ugonjwa wake: huyu saratani ya taya, huyu ya jicho, huyu ya figo, yule ya tumbo. Yalikuwa majina ya mahali uvimbe ulipoonekana, wala hayakuwa majina ya ugonjwa. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza juu ya uvimbe huo wa taya, na wataalamu wa hadubini wa Kampala, akiwamo Gregory O'Conor, wakathibitisha kwamba vimbe zote hizo zilikuwa kitu kimoja, yaani limfoma.

Kisha Burkitt alifanya jambo ambalo mwandishi wa makala haya analiona kuwa kubwa kuliko hata ugunduzi wenyewe. Alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto hao, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni kote Afrika akiuliza: je, mmepata kuwaona watoto wa namna hii? Mwezi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Walipita Kenya na Tanganyika, wakaendelea mpaka Afrika Kusini, maili zipatazo 10,000 kwa majuma 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Majibu yakawekwa katika ramani. Ugonjwa ulionekana katika nchi za joto na mvua, ukatoweka katika milima mirefu na mahali pakavu. Karibu na ikweta, nchi iliyozidi mita 1,500 hivi haikuwa nao. Uwanda wa Makonde haufikii kimo hicho.

Ramani hiyo ilifanana mno na ramani ya malaria. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu, uvimbe huo ulikuwa haba kuliko bara iliyo jirani. Wakati huohuo Anthony Epstein, aliyemsikia Burkitt akihutubia London mwaka 1961, aliomba vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe zake. Kirusi hicho, kinachoitwa Epstein-Barr, karibu kila mtoto wa Afrika hukipata katika miaka yake ya mwanzo, aghalabu kwa mate, na kwa walio wengi hakileti madhara yoyote ya kuonekana. Maelezo yanayokubaliwa leo ni kwamba malaria inayomrudia mtoto tena na tena huuchosha mlinzi wa mwili na kuzichochea chembe zilizobeba kirusi, mpaka katika mtoto mmoja mmoja chembe fulani ikaharibika na kuanza kugawanyika bila kikomo. Nchini mwetu jambo hili lilijaribiwa huko Mara ya Kaskazini kati ya 1977 na 1982, watoto wa chini ya miaka 10 wakigawiwa klorokwini. Ugonjwa ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya ugawaji, na vimelea vya malaria vikaanza kuizoea dawa, kwa hiyo watafiti hawakuthubutu kudai ushindi. Kwa mzazi lililo la maana ni hili: uvimbe huu hauambukizi, ndugu wa mtoto wanaweza kulala naye na kula naye sahani moja, hakuna jirani aliyeutuma, na mama hakukosea chakula wala malezi.

Turudi kwenye shavu lililovimba. Ugumu ni kwamba mfupa wa taya una maradhi kadhaa yanayofanana kwa nje na kutofautiana kabisa kwa tiba. Uko usaha wa mfupa, unaotokana na jino bovu lililopuuzwa. Huo huja na homa, maumivu na harufu, na mara nyingine hutoboa ngozi. Uko uvimbe uitwao ameloblastoma, unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Huu hushika zaidi vijana na watu wazima, hukaa hasa taya la chini, haumi, nao hukua polepole kwa miaka hata uso ukabadilika umbo. Hauyeyuki kwa dawa yoyote; ni lazima ukatwe pamoja na sehemu ya mfupa ulio mzima, na ukikwanguliwa tu hurudi. Kisha uko ugonjwa ambao mfupa hugeuka kuwa nyuzinyuzi laini, na katika eksirei huonekana kama kioo chenye ukungu. Huanza utotoni, hutanua upande mmoja wa uso taratibu, na mara nyingi hutulia mtoto anapokwisha kubalehe. Daktari mwenye hekima huwa na subira nao. Fikiria basi watoto watatu wamekaa kwenye benchi moja la hospitali na mashavu yanayofanana: mmoja anahitaji dawa ya mishipa juma hili hili, mwingine anahitaji kisu, na wa tatu anahitaji kutazamwa tu. Anayeutibu uvimbe kwa kuutazama kwa macho peke yake anabahatisha.

Ndiyo maana hospitali huchukua kinyama. Wazazi wengi huliogopa neno hilo, na upo uvumi wa siku nyingi kwamba uvimbe ukiguswa na chuma huenea. Si kweli. Kwa limfoma hii, sindano nyembamba inayofyonza chembe kidogo yaweza kutosha kutoa fununu, na kipande kidogo cha nyama hutoa jibu kamili. Mtaalamu wa patholojia hukitazama chini ya hadubini akaona chembe za bluu iliyokolea zimesongamana, na katikati yake madoa meupe ya chembe zinazokula zilizokufa. Wataalamu wenyewe huufananisha mwonekano huo na anga la usiku lenye nyota. Kabla ya hapo, eksirei ya kawaida ya taya hutoa dalili yake: kila mzizi wa jino lenye afya umezungukwa na mstari mweupe mwembamba, na ugonjwa unapoingia mfupani mstari huo hufutika. Tabibu anayejua kuutafuta hahitaji mashine ya kifahari.

Zahanati ya kijiji haina hadubini ya kazi hii, wala haitarajiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kushuku na kuandika barua ya rufaa. Kutoka vijijini njia hupita hospitali ya wilaya ya Newala, au Mkomaindo mjini Masasi, au Ndanda kwa Wabenediktini, kisha Mtwara iliko Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na mwishowe Muhimbili, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kila kituo kina desturi ya kuanza upya: dawa ya kuua vijidudu kwa siku 7, kisha jino kung'olewa, kisha rudi baada ya wiki 2. Kwa jino, utaratibu huo hauna ubaya. Kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, wiki 3 ni muda mrefu kupita kiasi. Mzazi ana haki ya kusema kwa adabu: daktari, jino limeng'olewa na uvimbe bado unakua, naomba mtoto apigwe eksirei, au nipewe barua. Sentensi hiyo moja si utovu wa heshima.

Tusijifanye kwamba nauli si kitu. Fedha katika wilaya hizi huja na korosho, na korosho huvunwa kuanzia mwezi wa Oktoba. Mtoto akivimba mwezi wa Aprili, familia husema tusubiri mauzo. Kwa henia huenda ikawezekana. Kwa taya hili haiwezekani. Sera ya nchi huwasamehe malipo watoto wa chini ya miaka 5, lakini wengi wa wagonjwa hawa wamekwisha kuuvuka umri huo kidogo tu. Lijulikane basi kwamba saratani za watoto hutibiwa Muhimbili bila malipo kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, ili baba asiuze shamba kwa kuogopa ankara ya dawa. Kinachobaki ni nauli na chakula cha mama anayekaa na mtoto wodini, na hapo ndipo sanduku la sadaka la msikiti wa mtaa linaweza kuokoa maisha. Maimamu wetu, ambao husomea wagonjwa na kuombwa dua kila uchao, wana nafasi ya pekee, kwani mara nyingi shavu hilo hufika kwao kabla halijafika hospitali. Kumsomea mtoto na kumsindikiza stendi ya basi si mambo yanayopingana.

Matibabu yenyewe hayahitaji kisu. Burkitt, ambaye kazi yake ilikuwa upasuaji, alitambua mapema kwamba kukata taya hakusaidii, akaanza kujaribu dawa. Baadhi ya watoto wake wa Kampala walipona kwa dozi chache mno. Leo hutumika siklofosfamidi pamoja na vinkristini, dawa itokanayo na mmea wenye maua ya waridi ambao asili yake ni Madagaska, na methotreksati, ambayo huchomwa pia katika maji ya uti wa mgongo ili ugonjwa usikimbilie kwenye ubongo. Katika nchi tajiri takriban watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu idadi iko chini ya hapo, na miongoni mwa sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu njiani.

Hili la kuacha njiani linahitaji kuelezwa, kwa sababu halitokani na uzembe. Dozi ya kwanza ikiingia, uvimbe huanza kunywea katika siku chache, na baada ya wiki moja au mbili uso wa mtoto huweza kurudi ulivyokuwa. Mama humtazama, humshukuru Mola, hukumbuka wadogo zake aliowaacha Newala kwa shangazi, na hufunga mizigo. Lakini chembe zilizosalia mfupani hazionekani kwa macho. Dozi hutolewa kwa mizunguko inayochukua miezi, na kila mzunguko una tarehe yake. Nywele zitanyonyoka, nazo zitaota tena. Mtoto apewe maji mengi ya kunywa siku za dawa, kwani uvimbe unaoyeyuka kwa wingi hulemea figo. Homa yoyote katika kipindi hicho, hata ndogo, ni sababu ya kurudi wodini siku hiyohiyo, si ya kununua panado dukani. Na kadi ya matibabu pamoja na karatasi ya majibu ya kinyama vihifadhiwe mahali pasipovuja, maana daktari wa Ligula au Mkomaindo atakayemwona mtoto baada ya mwaka atahitaji kuvisoma kabla ya kuligusa taya.